Wanawake Sita wa Mwaka 1945: Miaka 80 ya Udahili wa Wanawake Makerere

Mwaka 1945 Chuo cha Makerere, kilichojengwa juu ya mojawapo ya vilima vya Kampala, kilidahili wanawake kwa mara ya kwanza, na mwaka 2025 tukio hilo lilitimiza miaka 80. Wanawake hao walikuwa sita tu, katika chuo ambacho kwa zaidi ya miaka 20 kilikuwa cha wavulana peke yao, na ambacho wakati huo kilitegemewa na Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar kwa pamoja kama kituo chao cha elimu ya juu. Kwa hiyo kumbukumbu ya mwaka 1945 si ya Uganda pekee, bali ni ya Afrika Mashariki nzima, kwa kuwa msichana wa eneo hili aliyemaliza masomo ya sekondari, awe wa Hoima, Machame au Unguja, hakuwa na chuo kingine cha ngazi hiyo karibu naye, na asipopokelewa Makerere ilimbidi aende mbali sana, Afrika Kusini au Ulaya, safari ambayo wazazi wachache mno waliimudu.

Vyuo vingi duniani huadhimisha kumbukumbu za namna hii, na desturi ni kuchagua tarehe moja, kutafuta picha ya wanawake wa mwanzo, kuwaalika walio hai na kutoa hotuba. Tarehe moja huirahisisha sherehe, lakini ikisimamishwa peke yake huficha ukweli kwamba udahili wa wanawake haukukamilika siku majina yao yalipoandikwa kwenye daftari la chuo. Haki ya kulala ndani ya chuo, haki ya kusoma somo walilolitaka, haki ya kulipwa sawasawa na wanaume wenye shahada kama yao, na haki ya kuwaongoza wenzao, kila moja ilidaiwa peke yake na kwa wakati wake, na baadhi yake zilichukua miongo kadhaa.

Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14, wote wavulana, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Miaka iliyofuata yaliongezwa mafunzo ya uganga, kilimo, utabibu wa mifugo na ualimu, yaani kazi ambazo serikali ya kikoloni ilihitaji wasaidizi Waafrika wa kuzifanya. Mwaka 1937 tume iliyoongozwa na De La Warr ilipendekeza Makerere ikuzwe hadi kuwa chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki yote, na mwaka 1949 kikapewa hadhi ya chuo kikuu kishiriki, yaani chuo kinachofundisha kwa kiwango cha chuo kikuu ilhali mitihani husimamiwa na shahada hutolewa na chuo kikuu kingine, ambacho katika habari hii kilikuwa Chuo Kikuu cha London. Wahitimu wa kwanza wa mpango huo walipata shahada zao mwaka 1953. Kutokana na mfuatano huo inaonekana kwamba wanawake waliingia miaka minne kabla ya hadhi mpya kupatikana, na kwamba waliingia mahali palipobuniwa tangu mwanzo kwa ajili ya kutoa makarani, waganga wasaidizi na walimu wa kiume.

Sababu ya wanawake kuchelewa haikuwa katika sheria za chuo tu, kwani hata mlango wa Makerere ungekuwa wazi mwaka 1930, wasichana waliokuwa na sifa za kuingia wangekuwa wachache sana. Nchini Uganda wamisionari wa Kianglikana walikuwa wamefungua Shule ya Gayaza kwa ajili ya wasichana mwaka 1905, mwaka mmoja kabla ya King's College Budo ya wavulana, lakini kwa muda mrefu elimu ya Gayaza ililenga kuwaandaa wake wa machifu, wachungaji na walimu, si watahiniwa wa chuo. Baadaye, katika miaka ya 1930, Budo yenyewe ilianza kupokea wasichana, na mwaka 1942 masista Wafransisko wakaanzisha shule ya Namagunga. Kenya hali ilikuwa nzito zaidi: shule ya wavulana ya Alliance ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na ya wasichana ikaja mwaka 1948, yaani miaka 22 baadaye na miaka mitatu baada ya Makerere kuanza kupokea wanawake. Familia nyingi nazo zilipima ada ya binti kwa mizani ya mahari na ya shamba, na si haki kuzilaumu pasipo kukumbuka kwamba serikali iliyokuwa ikihimiza elimu haikuwa na kazi ya kumpa msichana aliyesoma zaidi ya ualimu wa shule ya msingi au uuguzi.

Jambo la ajabu ni kwamba mwanamke alifundisha Makerere kabla mwanamke hajasoma hapo. Margaret Trowell, Mwingereza mke wa daktari, alianza madarasa ya sanaa nyumbani kwake Kampala katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, na madarasa hayo yakahamia chuoni na kuwa shule ya sanaa ambayo baadaye ilipewa jina lake. Wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa wanaume, mmoja wao akiwa Sam Ntiro wa Machame, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika mjini London baada ya uhuru. Chuo, kwa maneno mengine, hakikuona tatizo kwa mwanamke kusimama mbele ya darasa alipokuwa Mzungu, bali kilisita kumwona mwanamke Mwafrika ameketi ndani yake.

Miongoni mwa wanafunzi wa kiume wa miaka hiyo palikuwa na mmoja aliyelifikiria suala hilo kwa kina. Julius Nyerere, aliyesoma ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, aliandika mwaka 1944 insha juu ya uhuru wa wanawake, akitumia hoja za mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill kuchunguza namna jamii za Tanganyika zilivyomweka mwanamke chini ya mwanamume, na insha hiyo ilikuja kuchapishwa kama kitabu mwaka 2009, miaka kumi baada ya kifo chake. Haipaswi kudhaniwa kwamba maandishi ya mwanafunzi mmoja ndiyo yaliyowaleta wanawake sita mwaka uliofuata. Thamani yake ni kuonyesha kwamba hoja ilikuwa tayari inajadiliwa ndani ya chuo, tena na Mwafrika aliyekuwa akitazama kijiji chake mwenyewe, wala haikuwa zawadi iliyofikiriwa na maofisa wa kikoloni peke yao.

Maofisa hao nao walikuwa na shinikizo lao. Mwaka 1943 serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Jaji Asquith kuchunguza elimu ya juu katika makoloni, na mmojawapo wa wajumbe wake alikuwa Margery Perham wa Oxford, mtaalamu wa utawala wa Afrika na mwanamke aliyejua kwa uzoefu wake jinsi vyuo vya kwao vilivyokuwa vigumu kwa wanawake. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1945, mwaka uleule wa udahili, ikipendekeza vyuo vishiriki viunganishwe na Chuo Kikuu cha London, na muungano huo ulikuwa na matokeo makubwa kwa wanawake, kwa sababu London ilikuwa imewafungulia shahada zake tangu mwaka 1878 na isingeweza kusimamia chuo kinachowakataa. Laiti Makerere ingewekwa chini ya Cambridge, mambo yangekuwa tofauti: Cambridge ilikuwa na vyuo vya wanawake tangu mwaka 1869, lakini haikuwapa wanawake shahada kamili hadi mwaka 1948, yaani miaka mitatu baada ya wale sita kuandikishwa Kampala. Oxford ilikuwa imetangulia mwaka 1920, ingawa vyuo vyake vya wanaume viliendelea kuwafungia mlango wanawake hadi vitano vya kwanza vilipowapokea mwaka 1974, na huko Cambridge chuo cha Magdalene kilisubiri hadi mwaka 1988, ambapo baadhi ya wanafunzi wa kiume walijifunga vitambaa vyeusi mkononi kama watu waliofiwa. Msomaji anayedhani kwamba Ulaya iliifundisha Afrika usawa wa kijinsia chuoni ana sababu ya kuzitazama tena tarehe hizo.

Kuingia kwa wanawake kulilazimisha hata kaulimbiu ya chuo ibadilishwe. Makerere ilikuwa ikitumia kaulimbiu iliyowahimiza wanafunzi wawe wanaume, nayo ikaachwa, ikachukuliwa mahali pake ile inayotumika hadi leo, isemayo kwamba chuo kinajenga kwa ajili ya siku zijazo. Kubadili maneno ya nembo hakukugharimu kitu. Kazi yenye gharama ilikuwa malazi, kwa kuwa Makerere ilikuwa chuo cha bweni, yaani wanafunzi waliishi, walikula na kulala ndani ya eneo la chuo, wakivaa majoho mekundu kwenye chakula cha jioni kwa kuiga desturi za Uingereza, na katika chuo cha namna hiyo nafasi ya masomo haina maana pasipo kitanda. Idadi ya vitanda katika nyumba ya wanawake ndiyo iliyokuwa idadi ya juu ya wanawake wanaoweza kudahiliwa, hata kama waliofaulu walikuwa wengi zaidi, na kwa miongo kadhaa mipango ya kupanua elimu ya wanawake ilikuwa, kwa sehemu kubwa, mipango ya ujenzi.

Bweni kuu la wanawake lilipewa jina la Mary Stuart, mke wa Askofu Cyril Stuart wa Kanisa la Kianglikana la Uganda, ambaye alikuwa mpiganiaji wa elimu ya wasichana. Wanafunzi wenyewe walilipa jina jingine, wakaliita Boksi, na bweni huitwa hivyo hadi leo. Jina hilo la utani linaeleza vizuri namna malezi ya chuo yalivyofikiriwa: mwanamke alipokelewa kwa sharti la kufungiwa, na uhuru wa kutoka jioni, kupokea mgeni au kukaa maktaba hadi usiku, ambao mwanamume aliuchukua kama hewa, kwake ulikuwa kibali kutoka kwa mlezi wa bweni. Hata hivyo wakazi waligeuza hali hiyo kuwa utamaduni wao. Kati ya Mary Stuart na jirani yake, bweni la wanaume lenye jina la Patrice Lumumba, ulikua undugu wenye nyimbo na sherehe zake, ujulikanao kama Lumbox, ambao wahitimu wenye mvi huutaja kwa furaha kubwa zaidi kuliko wanavyotaja mihadhara.

Miongoni mwa wanawake wa mwanzo walikuwa Florence Lubega, aliyekuja kuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria na kisha mbunge wa Uganda huru, na Sarah Nyendwoha, ambaye baada ya kuolewa na yule mchoraji Sam Ntiro alijulikana kama Sarah Ntiro. Maisha ya Sarah Ntiro yanastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndani yake vinaonekana vizuizi vyote ambavyo tarehe ya 1945 haikuviondoa. Alizaliwa Hoima, Bunyoro, mwaka 1926, akasoma Budo, na alifika Makerere akitaka kujifunza hisabati. Alisimulia baadaye kwamba mwalimu wa somo hilo alikataa kufundisha darasa lenye mwanamke ndani yake, na kwamba chuo hakikumlazimisha mwalimu huyo, bali mwanafunzi ndiye aliyehamishwa kwenda kwenye masomo mengine. Sheria ya chuo ilikuwa imempokea na darasa likamkataa, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa.

Alimaliza mafunzo ya ualimu, akafundisha, kisha akapata nafasi ya kwenda St Anne's, chuo cha wanawake huko Oxford, alikosoma historia na kuhitimu mwaka 1954, na kwa hatua hiyo anatajwa kuwa mwanamke Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya chuo kikuu. Aliporudi Uganda kufundisha alikuta kwamba mshahara aliopangiwa ni mdogo kuliko wa mwanamume mwenye shahada kama yake, naye, badala ya kuupokea huku akilalamika, aliukataa na kufundisha bila malipo hadi wakubwa wa serikali waliposhughulikia suala lake. Ni lazima kukumbuka kwamba huko Uingereza kwenyewe usawa wa mishahara ya walimu wa kike na wa kiume ulikubaliwa mwaka 1955 na kutekelezwa kidogo kidogo hadi mwaka 1961, kwa hiyo mwalimu huyo wa Uganda alikuwa akidai jambo ambalo dola iliyomtawala ilikuwa bado inalilipa kwa awamu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliingia Baraza la Kutunga Sheria, na aliendelea kuwa mtetezi wa elimu ya wasichana hadi alipofariki mwaka 2018 akiwa na umri wa miaka 92.

Uganga nao ulichukua muda. Shule ya udaktari ya Makerere, iliyohusiana na hospitali ya Mulago, ilikuwa ndiyo shule yenye heshima kubwa kuliko zote za chuo, lakini ilikuwa mwaka 1959, miaka 14 baada ya wale sita, ndipo Josephine Nambooze, aliyetoka shule ya Namagunga, alipohitimu na kuwa daktari wa kwanza mwanamke kutoka chuo hicho. Katika fasihi njia ilikuwa pana zaidi kidogo: Rebeka Njau wa Kenya, aliyesoma Makerere katika miaka ya 1950, ni miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Afrika Mashariki kuandika tamthilia. Si ajabu kwamba wanawake walijitokeza mapema katika lugha, historia na ualimu kuliko katika sayansi, kwa sababu shule nyingi za wasichana hazikuwa na maabara wala walimu wa fizikia.

Makerere ilipoacha kuwa peke yake, vyuo vipya vilirithi tatizo pamoja na mtaala. Chuo kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, ndani ya jengo la chama cha TANU katika Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja cha sheria na wanafunzi wasiozidi 15, na kati yao mwanamke alikuwa mmoja, Julie Manning. Hapa hapakuwa na haja ya kusubiri miaka 23 kama Makerere, kwa kuwa chuo kilizaliwa kikiwa kimemkubali mwanamke. Lakini mmoja ni mmoja. Mwaka 1975 Nyerere alimteua Manning kuwa Waziri wa Sheria, akiwa pamoja na Tabitha Siwale miongoni mwa wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili Tanzania. Nyerere mwenyewe, yule mwanafunzi wa insha ya mwaka 1944, alikuwa mwaka 1963 amekuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam hadi mwaka 1970, kila kimoja kilipokwenda njia yake.

Nairobi ndiko kisa cha mshahara wa Sarah Ntiro kilikojirudia kwa sura nyingine. Wangari Maathai, aliyepata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1971 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kufikia kiwango hicho, aligundua akiwa mhadhiri kwamba wanawake walioolewa walinyimwa baadhi ya marupurupu, yakiwemo ya nyumba, kwa hoja kwamba waume zao ndio wenye wajibu wa kuwapa makazi. Yeye na mwenzake Vertistine Mbaya walilishughulikia jambo hilo kwa miaka, na wenzao wengine waliona aibu kuonekana wanadai. Dar es Salaam nako, mwandishi wa tamthilia za Kiswahili Penina Muhando, aliyesoma na kufundisha sanaa za maonyesho chuoni hapo hadi kuwa profesa, alichapisha mwaka 1982 tamthilia ya Nguzo Mama, inayohusu wanawake wanaojitahidi kusimamisha nguzo ambayo kila wakiinua kitu fulani kinaiangusha. Haikuhitaji mhakiki kueleza ilitoka wapi.

Sera nzuri kwa jina ziliweza pia kuwaumiza wanawake bila kuwataja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliamua kwamba vijana wa Tanzania wasiingie chuo kikuu moja kwa moja kutoka shuleni, bali wafanye kazi kwanza kwa miaka isiyopungua miwili na wapate barua ya sifa kutoka mahali pa kazi. Kwa kijana wa kiume miaka miwili ilikuwa kuchelewa tu, ila kwa msichana wa miaka 20 ilikuwa umri wa kuposwa, na wengi walioanza kazi hawakurudi kuomba nafasi. Serikali ililiona hilo mapema na baada ya muda mfupi ikawaondolea wasichana sharti hilo.

Uganda wakati huo ilikuwa chini ya Idi Amin, na bweni lililofikiriwa kuwa ngome halikuwalinda wanawake na dola. Mwaka 1976, baada ya mwanafunzi mmoja wa kike kutoka Kenya kutoweka, Theresa Nanziri Bukenya, mlezi wa bweni la wanawake la Africa, ambaye alitarajiwa kutoa ushahidi juu ya kutoweka huko, aliuawa akiwa mja mzito. Na mwezi wa Agosti mwaka huohuo askari walivamia chuo na kuwapiga wanafunzi. Katika orodha za sherehe, ambazo hupenda majina ya waliokuwa wa kwanza, jina la Bukenya halionekani mara kwa mara, na hilo ni pengo.

Mwaka 1990 ulikuwa mwaka wa pande mbili. Dar es Salaam, mwezi wa Februari, mwanafunzi wa kike wa mwaka wa kwanza alijiua baada ya kunyanyaswa na wafuasi wa Mzee Punch, kundi la siri la wanafunzi lililobandika ukutani maandishi na michoro ya kejeli, ambayo hapo awali iliwasema wakubwa na baadaye ikageuka kuwa silaha dhidi ya wanafunzi wa kike waliokataa kutongozwa. Kundi hilo lilipigwa marufuku, na wanawake wahadhiri na wanafunzi wakaanza kudai taratibu rasmi za kushughulikia unyanyasaji wa kijinsia, jambo ambalo hadi hapo liliitwa utani wa chuoni. Ni mkasa unaothibitisha kwamba mtu anaweza kuwa na nambari ya usajili, kitanda na kadi ya maktaba, na bado asiwe amepokelewa.

Kampala, mwaka huohuo, iliamuliwa kwamba kila msichana aliyefikia sifa za kuingia chuo kikuu cha umma aongezewe alama moja na nusu katika hesabu ya udahili. Hesabu hiyo hutokana na matokeo ya mtihani wa mwisho wa sekondari ya juu, ambapo kila somo hupewa uzito kulingana na kozi inayoombwa, na ushindani ni mkali kiasi kwamba sehemu ya kumi ya alama huweza kumtenga aliyepata udaktari na aliyekosa. Alama moja na nusu kwa hiyo haikuwa kitu kidogo. Kabla ya hapo wanawake walikuwa takriban robo ya wanafunzi wa Makerere, na katika miaka iliyofuata walikaribia nusu, ukuaji ambao miaka 45 iliyotangulia haikuweza kuuleta. Mwaka 1991 ilianzishwa idara ya taaluma za wanawake, ambayo leo ni skuli ya taaluma za wanawake na jinsia, na mkuu wake wa mwanzo, Victoria Mwaka, alikuwa pia naibu mwenyekiti wa bunge lililotunga katiba ya Uganda ya mwaka 1995. Mwaka 2002 chuo hicho kiliandaa kongamano la dunia la wasomi wa masuala ya wanawake, likifanyika katika ardhi ya Afrika kwa mara ya kwanza.

Alama hizo zilipingwa na zinaendelea kupingwa. Wapo wanaosema zinawadhalilisha wanawake kwa kuwafanya waonekane wameingia kwa mlango wa nyuma, na wapo wanaosema, kwa hoja nzito zaidi, kwamba zimewanufaisha hasa mabinti wa familia za mjini waliosoma shule bora za Kampala na Wakiso, ambao pengine wangeingia hata bila msaada, huku msichana wa Karamoja akiacha shule kabla ya kufikia mtihani unaohesabiwa. Hoja ya kwanza ni dhaifu, kwa kuwa alama hutolewa kwa aliyekwisha kufaulu na mitihani ya chuoni haina nyongeza. Hoja ya pili ni ya kweli, lakini inaonyesha tu kwamba mlango wa chuo hauwezi kurekebisha kasoro ya shule ya msingi. Ikumbukwe pia kwamba kuanzia mwaka 1992 Makerere ilianza kupokea wanafunzi wanaojilipia, wengine wakisoma jioni, na wanawake wengi wenye kazi na familia waliingia kwa njia hiyo wala si kwa alama za nyongeza. Katika sayansi na uhandisi pengo lilibaki, na ndiyo maana mpango wa ufadhili ulioanza mwaka 2001 kwa msaada wa shirika la Carnegie la Marekani ulitenga sehemu kubwa ya nafasi zake kwa wasichana wa sayansi, na Dar es Salaam ikawa na kozi za awali za kuwaandaa wasichana kwa masomo hayohayo.

Uongozi wa chuo ndio umekuwa mgumu kuliko yote. Kenya ilimpata makamu mkuu wa kwanza mwanamke katika chuo kikuu cha umma mwaka 2006, Olive Mugenda alipoteuliwa kuongoza Chuo Kikuu cha Kenyatta. Makerere ilimpata naibu makamu mkuu mwanamke, Lillian Tibatemwa-Ekirikubinza, profesa wa sheria aliyekwenda baadaye kuwa jaji wa Mahakama ya Juu, lakini ilipotimiza miaka 100 mwaka 2022 orodha ya makamu wakuu wake ilikuwa ya wanaume watupu. Maelezo yake yamo katika hesabu ya vizazi: anayeomba cheo hicho hutarajiwa kuwa profesa, mtu hufikia uprofesa baada ya miaka 20 au zaidi ya kufundisha na kuandika, na maprofesa wa leo waliajiriwa wakati mwanafunzi mmoja kati ya wanne ndiye aliyekuwa mwanamke. Wasichana walioingia na alama moja na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1990 sasa wako katika miaka yao ya 50, na baadhi yao wameanza kuitwa maprofesa.